Mtoto Aliyetumiwa na Mtoto Aliyesahauliwa: Historia Fupi ya Majaribio ya Dawa kwa Watoto

Utangulizi

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi dawa zinavyojaribiwa kwa binadamu kabla ya kukubaliwa kutumika, na hasa jinsi watoto walivyohusishwa, au walivyoachwa nje, katika kazi hiyo. Huenda msomaji akauliza, jambo hili lina uhusiano gani na jarida la chuo cha theolojia? Jibu letu ni kwamba katika sharika zetu wako wazazi wanaoombwa kutia sahihi, au kuweka dole gumba, ili watoto wao wahusishwe katika utafiti wa dawa au chanjo. Wengi wao, kabla ya kujibu, humwendea mchungaji. Mchungaji asiyejua lolote huwa na majibu mawili tu. Husema, "Wakubalieni madaktari, wao wanajua," au husema, "Kataeni, watoto wetu si panya wa maabara." Majibu yote mawili ni mepesi mno, na yote mawili yamekwisha kugharimu maisha ya watoto.

Hoja yetu ni hii: historia inaonyesha kwamba mtoto amedhulumiwa kwa namna mbili. Kwanza, ametumiwa pasipo kuulizwa wala kulindwa. Pili, amesahauliwa, akapewa dawa ambazo hakuna mtu aliyewahi kuzipima kwa mwili wa mtoto. Dhuluma ya kwanza inafahamika na inatutia hasira. Ya pili haina kelele, kwa kuwa hutendwa na watu wenye nia njema. Anayetaka kumlinda mtoto hana budi kuzijua zote mbili.

1. Kulinganisha kabla ya kuamua

Wanaoandika historia ya majaribio ya tiba hupenda kuanza na sura ya kwanza ya Kitabu cha Danieli. Vijana wanne wa Kiyahudi wanaomba wapewe mboga na maji kwa siku kumi, kisha walinganishwe na vijana wanaokula chakula cha mfalme. Hatudai kwamba kisa hicho kiliandikwa ili kufundisha utabibu. Hata hivyo kina mambo matatu ambayo tutayakuta tena: makundi mawili yanayolinganishwa, muda uliowekwa, na msimamizi anayeogopa madhara. Lipo na la nne, tena kubwa zaidi: Danieli mwenyewe ndiye aliyeomba. Hakuna aliyemshurutisha.

Karne nyingi zilipita kabla ya wazo la kulinganisha kuingia katika utabibu kwa utaratibu. Mwaka 1747 James Lind, daktari wa jeshi la wanamaji la Uingereza, alikuwa katika merikebu ya Salisbury yenye mabaharia wengi waliougua kiseyeye. Alichagua wagonjwa 12 waliofanana kwa hali zao, akawagawa wawili wawili, na kila jozi akaipa tiba yake. Jozi moja ilipewa siki, nyingine maji ya bahari, nyingine machungwa na malimau, na kadhalika. Waliokula machungwa na malimau walipata nafuu upesi. Lind aliandika habari hizo katika kitabu chake cha mwaka 1753, lakini jeshi lake halikuagiza maji ya limau yagawiwe kwa mabaharia wote hadi mwaka 1795. Tangu mwanzo, basi, kuupata ukweli lilikuwa jambo moja, na kuutii lilikuwa jambo jingine.

2. Kura na bahasha

Hatua kubwa zaidi ilifikiwa baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mwaka 1948 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilitangaza matokeo ya jaribio la dawa ya streptomaisini kwa wagonjwa wa kifua kikuu. Dawa ilikuwa adimu na haikuwatosha wote. Mtaalamu wa takwimu Austin Bradford Hill aliona kwamba katika uhaba huo njia ya haki ilikuwa kupiga kura. Wagonjwa 107 waligawanywa kwa namba za bahati zilizofichwa ndani ya bahasha zilizofungwa. Wagonjwa 55 walipewa dawa pamoja na mapumziko ya kitandani, na 52 walipewa mapumziko peke yake, ambayo ndiyo yaliyokuwa matibabu ya kawaida wakati huo. Baada ya miezi sita walikuwa wamefariki 4 katika kundi la kwanza na 14 katika kundi la pili.

Yafaa tueleze maana ya kura hiyo, kwa maana huwatia watu wengi wasiwasi. Sisi wasomaji wa Matendo ya Mitume tunakumbuka kura iliyomwangukia Mathiya, nayo ilipigwa ili kujua nani amechaguliwa. Kura ya watafiti haina kusudi hilo. Inapigwa ili daktari asichague. Daktari akiachwa achague, huenda akawapa dawa mpya wale wenye nguvu kidogo, au wale anaowahurumia zaidi, na mwishowe hakuna atakayejua kama kilichowaponya ni dawa au ni hali waliyokuwa nayo tangu mwanzo. Kwa sababu iyo hiyo mara nyingi mgonjwa na daktari wote wawili hawaambiwi nani anapewa nini, mpaka hesabu ikamilike. Pale ambapo hakuna tiba inayojulikana kufaa, kundi moja huweza kupewa plasebo, yaani kidonge au sindano inayofanana na dawa lakini isiyo na dawa ndani yake.

Njia hiyo haikubaki Ulaya. Watafiti wa Afrika Mashariki wakishirikiana na Waingereza walifanya mfululizo wa majaribio ya tiba ya kifua kikuu, na mwaka 1972 walitangaza kwamba matibabu ya miezi sita yanaweza kushika nafasi ya yale yaliyodumu mwaka mmoja na nusu au zaidi. Wagonjwa wetu walikuwa miongoni mwa walioifundisha dunia jambo hilo.

3. Mtoto aliyetumiwa

Sasa tuwatazame watoto. Tarehe 14 Mei 1796 daktari Mwingereza Edward Jenner alimchanja James Phipps, mvulana wa miaka 8, kwa usaha wa ndui ya ng'ombe. Baba yake mvulana alikuwa akimfanyia Jenner kazi ya bustani. Mwezi Julai mwaka huo Jenner alimchanja tena mvulana yule, safari hii kwa ndui yenyewe, ili aone kama atashikwa. Hakushikwa. Kutokana na kazi hiyo ilianza safari iliyofikia mwaka 1980, Shirika la Afya Duniani lilipotangaza kwamba ndui imetokomezwa. Tunashukuru kwa matunda hayo. Hata hivyo swali halifutiki: mtumishi angewezaje kumkatalia bwana wake? Na kama mtoto angekufa, nani angejibu? Matokeo mema hayageuzi njia mbaya kuwa njema.

Mwaka 1930, katika mji wa Lübeck nchini Ujerumani, watoto wachanga wapatao 250 walipewa chanjo ya kifua kikuu iliyokuwa imechanganyika katika maabara na vijidudu hai vya ugonjwa wenyewe. Zaidi ya watoto 70 walifariki. Mwezi Februari 1931 serikali ya Ujerumani ilitoa miongozo iliyotaka ridhaa kwa kila tiba mpya, na iliyokataza jaribio lisilo la tiba kwa watoto ikiwa lingewahatarisha hata kidogo. Msomaji atatambua uchungu wa jambo hili. Nchi iliyokuwa na maandishi mazuri kiasi hicho ndiyo ambayo madaktari wake, miaka michache baadaye, waliwatesa na kuwaua watu katika kambi za mateso kwa jina la utafiti. Maandishi mema pasipo watu wa kuyasimamia hayamlindi mtu.

Madaktari na watumishi 23 wa utawala huo walishtakiwa mjini Nuremberg kuanzia Desemba 1946. Hukumu ilitolewa Agosti 1947: 16 walipatikana na hatia, na 7 kati yao walihukumiwa kifo. Katika hukumu hiyo mahakimu waliandika kanuni kumi, ya kwanza ikisema kwamba ridhaa ya hiari ya mtu anayefanyiwa jaribio ni lazima kabisa. Kwa kuwa mtoto mdogo hana uwezo wa kutoa ridhaa ya namna hiyo, kanuni hiyo ikisomwa kwa ukali huwafungia watoto mlango wote. Mwaka 1964 Chama cha Madaktari Duniani, kilipokutana mjini Helsinki, Finland, kilitoa tamko lililoruhusu ridhaa itolewe na mwenye wajibu wa kisheria juu ya mtoto. Tamko hilo limesahihishwa mara kadhaa, mara ya mwisho hadi tunapoandika ikiwa mwaka 2024.

Lakini ridhaa ya mzazi nayo yaweza kupindwa. Katika taasisi ya Willowbrook, New York, kuanzia mwaka 1956 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, watoto wenye ulemavu wa akili waliambukizwa kwa makusudi virusi vya homa ya ini ili ugonjwa huo uchunguzwe. Watafiti walijitetea kwamba watoto wangeambukizwa hata hivyo kwa sababu ya msongamano, na kwamba wazazi walikuwa wametia sahihi. Ni kweli walitia sahihi. Lakini kuna wakati ambapo nafasi za kawaida za kupokelewa zilifungwa, na njia iliyobaki ikawa ni kupitia wadi ya utafiti. Mzazi aliyechoka, asiye na mahali pengine pa kumpeleka mwanawe, alikuwa na hiari gani?

Afrika nayo ina kumbukumbu zake. Mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo huko Kano, Nigeria, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa ya Trovan kwa watoto. Watoto walikuwa 200. Nusu walipewa dawa hiyo na nusu dawa nyingine iliyokwisha kujulikana. Watoto 11 walifariki, wengine katika kundi moja na wengine katika jingine. Familia zilidai kwamba hazikuelezwa kuwa huo ulikuwa utafiti. Kampuni ilikana kufanya kosa, na mwaka 2009 ilipatana na serikali ya Jimbo la Kano kwa malipo ya dola milioni 75. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 2003, Kano iligoma kupokea chanjo ya polio, na wengi walioichunguza habari hiyo wanaona kwamba kumbukumbu ya mwaka 1996 ilichangia. Imani ikivunjika katika jambo moja, hasara huwafikia hata watoto ambao hawakuhusika.

4. Mtoto aliyesahauliwa

Baada ya kusikia hayo, moyo wa mchungaji hutaka kusema: basi watoto waachwe kabisa. Hapo ndipo historia inapotusimamisha na kutuonyesha upande wa pili.

Mwaka 1937 kampuni moja ya Marekani iliuza dawa ya maji yenye sulfa ambayo ilikuwa imeyeyushwa katika kemikali yenye sumu. Ilitiwa ladha tamu, nayo ilipendwa kwa watoto. Haikujaribiwa kwa mtu yeyote wala kwa mnyama yeyote, kwa kuwa sheria haikudai hivyo. Watu zaidi ya 100 walikufa, wakiwamo watoto wengi. Mwaka uliofuata ilitungwa sheria ya kutaka usalama wa dawa uthibitishwe kabla ya kuuzwa.

Katika miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, hospitali za nchi tajiri zilikuwa zikiwapa watoto njiti oksijeni nyingi. Nani angeona ubaya katika kumpa hewa mtoto anayehema kwa shida? Wakati huo huo watoto hao walianza kupofuka kwa maelfu. Hatimaye hospitali 18 za Marekani zilikubali kufanya jaribio mwaka 1953 na 1954, zikilinganisha oksijeni nyingi na oksijeni ya kiasi. Ikathibitika kwamba oksijeni nyingi ndiyo iliyokuwa ikiharibu macho. Inakadiriwa kwamba watoto wapatao 10,000 walikuwa wamekwisha kupofuka, nao hawakupofushwa na jaribio bali na kukosekana kwake.

Mwaka 1959 iliandikwa habari ya dawa ya kloramfenikoli, ambayo ilikuwa ikiwasaidia watu wazima lakini iliwaua watoto wachanga, wakigeuka rangi ya kijivu. Sababu ni kwamba ini la mtoto mchanga halijawa na uwezo wa kuivunja dawa hiyo. Mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa kimo. Hata hivyo kwa miaka mingi dawa zilipimwa kwa watu wazima, kisha mama akaambiwa akate kidonge robo. Mwaka 1968 daktari Mmarekani Harry Shirkey aliwaita watoto wa namna hiyo mayatima wa tiba. Katika sikio la mtu wa Biblia neno yatima si neno dogo.

Dawa ya thalidomaidi, iliyouzwa Ujerumani ya Magharibi kuanzia mwaka 1957 na kuondolewa mwaka 1961, ilionyesha jambo hilo hata kwa watoto ambao hawajazaliwa. Watoto zaidi ya 10,000 duniani walizaliwa na viungo vilivyoharibika, kwa kuwa mama zao walipewa dawa ambayo usalama wake kwa mimba haukuwa umepimwa. Mwaka 1962 Marekani iliimarisha sheria yake na kutaka kila dawa ithibitishwe si usalama tu, bali pia kwamba inafanya kazi.

Katikati ya habari hizo za giza lipo jaribio lililowapa watu moyo. Mwaka 1954 watoto wapatao milioni 1.8 wa Marekani, pamoja na wachache wa Kanada na Finland, walishiriki katika jaribio la chanjo ya polio ya Jonas Salk. Tarehe 12 Aprili 1955 ilitangazwa kwamba chanjo inafaa. Wazazi walikuwa wameandika kwa mikono yao kwamba wanataka watoto wao washiriki. Hata hapo furaha haikuwa bila doa: majuma machache baadaye chanjo iliyotengenezwa na kiwanda kimoja iligunduliwa kuwa na virusi hai, nayo iliwapooza baadhi ya watoto na kuua wengine. Kwa hiyo ulinzi haumaliziki siku ya kutangazwa matokeo.

5. Utaratibu wa siku hizi

Kutokana na machozi hayo umejengwa utaratibu unaotumika leo katika nchi nyingi, pamoja na zetu. Dawa hupimwa kwanza katika maabara na kwa wanyama. Katika awamu ya kwanza hupewa watu wazima wachache, mara nyingi kati ya 20 na 80, ili kujua kama ni salama na kwa kipimo gani. Katika awamu ya pili hupewa wagonjwa mia moja au mia chache. Awamu ya tatu huhusisha mamia au maelfu, nayo ndiyo yenye kura na kulinganisha tuliyoeleza. Awamu ya nne ni kufuatilia dawa ikiwa tayari inatumika, kwa maana yako madhara yasiyoonekana mpaka watu wengi sana wameitumia. Kwa kawaida watoto huingizwa baada ya watu wazima, na wadogo baada ya wakubwa.

Kila jaribio lazima lipitiwe na kamati ya maadili. Tanzania Bara kazi hiyo ya kitaifa iko chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1979. Mzazi hutoa ridhaa, na mtoto mwenye umri wa kuelewa huulizwa naye kama anakubali. Sauti yake ikisema hapana yapasa kusikilizwa. Aidha, iko kamati huru inayotazama takwimu wakati jaribio linaendelea, nayo ina uwezo wa kushauri lisimamishwe ikiwa kundi moja linaumia.

6. Fundisho la hospitali zetu

Uwezo huo wa kusimamisha si wa karatasi tu. Kati ya mwaka 2009 na 2011 ulifanyika utafiti uitwao FEAST katika hospitali sita za Afrika Mashariki: Kilifi nchini Kenya, Mulago, Mbale, Soroti na Lacor nchini Uganda, na Hospitali Teule ya Muheza nchini Tanzania. Baadhi yake ni hospitali zilizotokana na kazi ya makanisa. Watoto waliohusishwa walikuwa na homa kali na damu isiyozunguka vema mwilini. Kwa miaka mingi madaktari walifundishwa kwamba mtoto wa namna hiyo atiwe maji mengi ya mshipani kwa haraka. Jambo hilo lilionekana wazi kiasi kwamba wengine waliona hakuna haja ya kulipima.

Watoto waligawanywa kwa kura katika makundi matatu. Mawili yalipewa maji mengi kwa haraka, ya aina mbili tofauti; la tatu lilipewa maji ya kawaida polepole. Wote walitibiwa malaria na magonjwa mengine waliyokuwa nayo. Mwezi Januari 2011, watoto 3,141 wakiwa wamekwisha kuingizwa kati ya 3,600 waliokusudiwa, kamati huru ilishauri jaribio lisimamishwe. Katika saa 48 za kwanza walikuwa wamefariki asilimia 10.6 na 10.5 ya waliopewa maji ya haraka, na asilimia 7.3 ya wale ambao hawakupewa. Yaani, katika kila watoto mia moja, watatu zaidi walikufa kwa sababu ya tiba iliyotolewa kwa nia ya kuwaokoa.

Tuseme mara moja, ili mtu asipotoshwe, kwamba utafiti huo haukuhusu watoto wenye kuharisha wala wenye utapiamlo mkali. Mtoto anayeharisha anahitaji maji, na kumnyima ni kumuua. Lakini fundisho ni zito. Kabla ya mwaka 2011 daktari mwema, mwenye bidii na maombi, angeweza kumtundikia mtoto dripu iliyomwongezea hatari, akarudi nyumbani akiwa na dhamiri safi. Nia njema si ushahidi. Sisi tunaohubiri kwamba mwanadamu hajui hata kilichomo moyoni mwake hatupaswi kushangaa kwamba hajui pia kilichomo katika chupa aliyoishika.

Majaribio mengine yameleta habari njema. Mwaka 2010 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika nchi tisa za Afrika kwa watoto 5,425 wenye malaria kali. Waliopewa kwinini walifariki asilimia 10.9, na waliopewa sindano ya artesuneti asilimia 8.5. Kwinini ilikuwa imeaminiwa kwa vizazi, lakini mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likashauri artesuneti ishike nafasi yake kwa watoto. Katika habari ya chanjo ya malaria, subira ilihitajika zaidi. Miaka ya mwanzo ya 1990 chanjo ya SPf66 ilijaribiwa kwa watoto 586 kijijini Idete, katika bonde la Kilombero, ikaonekana kuleta kinga kidogo; majaribio ya Gambia na Thailand yakaonyesha kwamba haifai, ikaachwa. Kisha kati ya mwaka 2009 na 2014 chanjo ya RTS,S ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 15,000 katika nchi saba za Afrika, zikiwamo Tanzania na Kenya, na mwezi Oktoba 2021 ikapendekezwa itumike. Watoto wa Idete hawakupata chanjo iliyofaa, lakini walishiriki katika kuitafuta.

7. Wajibu wa mchungaji

Mchungaji afanye nini basi? Kwanza, asijigeuze kuwa mpiga debe wa watafiti. Siku hizi watafiti hufika kwa viongozi wa jamii kabla ya kuonana na wazazi, na jambo hilo ni la heshima. Lakini neno la mchungaji lina uzito. Likitangazwa madhabahuni kwamba wazazi wapeleke watoto, mama wa usharika huweza kutia sahihi kwa kumheshimu mchungaji na si kwa kuelewa. Ridhaa ya namna hiyo haina tofauti kubwa na ile ya mtumishi wa Jenner. Kwa sababu iyo hiyo, asiwakataze watu kwa mamlaka ya kanzu yake.

Pili, amsaidie mzazi kuuliza. Yako maswali matano ambayo mzazi yeyote, hata asiyejua kusoma, anaweza kuyabeba moyoni. Ni nani aliyeuruhusu utafiti huu? Ni kitu gani kinacholinganishwa, na mtoto wangu aweza kuangukia upande upi? Nikikataa leo, au nikijitoa kesho, mtoto wangu atatibiwa kama wengine? Akidhurika, nani atamtibu na kwa gharama ya nani? Mwishowe, matokeo tutaambiwa, na dawa ikionekana inafaa itatufikia sisi? Mtafiti mwaminifu hafadhaishwi na maswali haya. Anayekasirika amekwisha kujibu.

Tatu, amtunze mzazi baada ya uamuzi. Mtoto aliyemo katika utafiti akifariki, mzazi hujilaumu kwamba alimuuza. Aliyekataa, mtoto wake akifariki, hujilaumu kwamba alimnyima. Wote wawili waliamua wakiwa gizani, kwa upendo waliokuwa nao. Hapo pana kazi ya mchungaji ambayo daktari hawezi kuifanya.

Hitimisho

Tumeona kwamba mlango uliofunguliwa bila mlinzi uliwaua watoto wa Lübeck na kuwadhulumu wale wa Willowbrook. Tumeona pia kwamba mlango uliofungwa kabisa uliwapofusha watoto njiti na kuwaacha wengine wakipewa vidonge vya kukadiria. Historia haituongozi kuchagua kati ya milango hiyo miwili. Inatuongoza kwenye mlango ulio wazi wenye walinzi waaminifu: sheria, kamati, daktari anayekubali kwamba huenda anakosea, mzazi aliyeelewa, na mtoto anayesikilizwa.

Kanisa letu lina hospitali, lina vyuo vya uuguzi na utabibu, na lina wachungaji walio karibu na watu kuliko mtafiti yeyote. Tunaowafundisha wanafunzi wa theolojia tungefanya vema kulipa somo hili nafasi katika maadili ya Kikristo, ili siku mzazi atakapobisha hodi akiwa na karatasi mkononi, mchungaji akae naye, waisome pamoja mstari kwa mstari, kisha amwache mzazi aamue.